Mdomo wa Mwalimu Kashindi

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mahali wanapowekwa wazee wa kazi, wakati Riziki alipoingia kusema na wauguzi. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, palepale Uvira, juu ya namna ya kuwapokea wagonjwa wa sida, yaani ukimwi, bila kuwadharau, na mimi niliitwa kwa heshima ya mvi tu, maana koleo la kung'olea meno nililiweka chini zamani. Aliingia mama mnene kidogo, kitenge cha kijani, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nilimtambua kwa mwendo kabla sijamtambua kwa uso. Alisimama akasema bila karatasi kwamba anaishi na virusi, kwamba anakunywa dawa kila siku, kwamba mume wake alikufa wakati wa vita na mtoto wao akamfuata. Hakulia. Hakunitaja. Wakati wa chakula alinikuta kwenye ndoo ya kunawia mikono, akanishika mikono miwili, akaniuliza habari ya mguu wangu, maana siku hizi nachechemea. Kisha, bila kushusha sauti, akauliza: "Vumilia, ile mwaka, weye ulikuwa unajua?" Nikamjibu kwamba kuna watu wengi, tutaongea siku nyingine. "Haya," akasema. "Nyumba yangu iko palepale." Wali wangu wa siku hiyo sikuumaliza.

Ile mwaka. Ulikuwa wa pili wa vita ya pili, kama tunavyohesabu sisi wa Uvira, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Daktari wa meno wa kituo chetu cha afya, ambaye nilikuwa msaidizi wake, alikuwa ameondoka kwa mtumbwi wa mota mara mapigano yalipoanza, akaniachia funguo za chumba na neno moja: "Jino usiloliweza, liache." Lakini meno hayajui vita. Watu walikuja kutoka mjini, walikuja kutoka bondeni Ruzizi, walishuka kutoka milimani na mashavu yamevimba kama wameficha yai, na kituo kizima hakikuwa na mwingine wa kufungua vinywa vyao. Chumba chetu kilikuwa nyuma, upande wa ziwa, kuta zimepakwa kijani mpaka kifuani na nyeupe juu. Kiti kilikuwa cha chuma, ngozi yake imepasuka, nami nilikuwa nimeishona kwa uzi wa nyavu. Nilikuwa na koleo sita, kioo kimoja cha mdomoni, na sufuria ya kuchemshia vyombo juu ya mbabula ya makaa nje ya mlango. Dawa ya ganzi iliisha kabla ya Krismasi. Barabara ya Bukavu ilikuwa imefungwa, mpaka wa Burundi leo wazi kesho umefungwa, na kila aliyeagizwa dawa alirudi mikono mitupu, kama alirudi.

Ndipo kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ilipoingia katika chumba changu. Mama Butoyi, mama Mrundi wa Nyakabere, alikuwa anaipika kwa mihogo na kuileta mjini katika bido, dumu la njano, ameifunika kwa majani ya mihogo ili askari wa kizuizi cha barabarani wasiione. Siku moja alikuja kung'olewa jino. Nilipomwambia kwamba ganzi hakuna, alicheka, akamimina kikombe, akanywa chote akiwa amekaa kitini, akasema, "Sasa vuta, mwana wanje," yaani mwanangu. Nikavuta. Hakupiga hata kelele. Tangu siku hiyo aliniletea chupa kila wiki, nami nikaiweka kabatini kati ya pamba na iodini kama dawa nyingine. Niliwapa wanaume kikombe, wanawake nusu. Makaa yalipokuwa haba, niliitumia pia kufutia koleo badala ya kuchemsha. Naandika hili polepole kwa sababu nimelikimbia muda mrefu. Nilikuwa nimefundishwa kuchemsha dakika ishirini. Nilifuta kwa kitambaa na pombe, kisha nikaita, "Mwingine."

Mwalimu Kashindi alikuwa jirani yangu. Tulikaa katika kiwanja kimoja pale Kilibula: yeye na mke wake Riziki vyumba viwili, mimi chumba kimoja, na kati yetu ukuta wa matofali mabichi ambao haukufika juu kwenye mabati. Alifundisha darasa la sita na aliongoza kwaya ya kanisa lao, kanisa ambalo mtu akionekana na chupa ya bia anasimamishwa mbele ya wote. Alikuwa mrefu, shati lake jeupe siku zote, na alikuwa na tabia ya kuimba sauti ya tatu peke yake akinyoa ndevu, kana kwamba zile nyingine anazisikia kichwani. Riziki ndiye aliyenilisha mwaka ule. Mimi nilitoka kazini nimechoka, mikono inanuka damu na iodini, naye aliita kutoka jikoni, "Vumilia, usiwashe moto, kuja!" Tulikula bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, siku nyingine sombe ya majani ya mihogo na mawese, sote watatu katika sahani moja kubwa ya bati, na mwalimu alikuwa anasogeza vichwa vya ndagala upande wangu kwa sababu alijua navipenda. Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule. Hakuna nilikopokelewa hivyo, na hakuna nilikolipa vibaya hivyo.

Mwezi wa kwanza gego lake la chini lilioza mpaka uso ukapinda. Alikuja kituoni amejifunga kitambaa kichwani. Nilimweleza kwamba ganzi hakuna, nikafungua kabati.

"Minye sikunywaka hii kitu, dada," akasema. "Hata siku moja. Unajua."

"Si pombe hapa, mwalimu. Hapa ni dawa."

"Mungu hataona ni pombe?"

"Mungu anaona jino."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akafumba macho, akanywa. Tone likaanguka kwenye shati. Jino lilitoka vipande vitatu, na katikati ya kazi ilibidi nimpe kikombe cha pili. Alipokuwa anaondoka nilimfungia chupa ndogo katika gazeti. Nikamwagiza kwa sauti ileile niliyotumia kuagiza vidonge: ukisikia maumivu, weka kidogo mdomoni, shikilia, halafu umeze. Maumivu yalikuwa mengi. Kidonda hakikufunga kama vidonda vinavyofunga. Wiki ya tatu bado kilikuwa wazi, na chupa ilikuwa imejazwa tena, si na mimi. Masomo yalikuwa yamefungwa kwa sababu askari walilala madarasani, na mtu mzima asiye na kazi ya asubuhi ana saa nyingi za kusikia jino. Kufika mwezi wa tatu alikuwa anakunywa kabla ya chai. Kanisa lilimsimamisha mbele ya wote, likampa kwaya mtu mwingine. Riziki alitandika mkeka wake upande wa jikoni na kulala huko. "Siwezi kulala na harufu ya bido," aliniambia, akikoroga bugali kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Hakunilaumu. Alisema tu, "Ulitaka kumusaidia," nami nikala.

Mwezi wa nne alirudi kwa jino la pili. Ilikuwa mchana, mwanga wa ziwa ukiingia wote dirishani, na nakumbuka nilikuwa nafikiria kwenda kuoga. Nikamwambia afungue. Ndani ya mashavu na juu ya kaakaa kulikuwa na utando mweupe, kama maziwa yaliyoganda. Niliukwangua kwa kijiti. Ukatoka, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu, ikavuja damu. Nikavuta ulimi kwa kipande cha pamba. Pembeni pote pawili kulikuwa na mistari myeupe iliyosimama kama manyoya, na hiyo haikukwanguka. Nikagusa shingo: tezi zilikuwa zimejipanga chini ya taya kama punje za mahindi. Kabla ya vita daktari alikuwa amenipeleka Bukavu kwa semina ya siku mbili juu ya sida, tukaonyeshwa picha, na yule mwalimu wa semina alikuwa amesema: mtu akiwa kijana bado, hana kisukari, na mdomo wake uko hivi, basi mdomo umesema kabla mwenyewe hajajua. Nilikuwa nimeandika maneno hayo katika daftari. Niliyajua kwa moyo. Nilisimama mbele ya rafiki yangu na kioo mkononi, nikaelewa kila kitu nilichokuwa naona.

"Kuna nini, dada?" akauliza, kinywa wazi.

Nimejitetea kwa njia nyingi. Hospitali haikuwa na kipimo mwaka ule, na neno usiloweza kulithibitisha ni jiwe unalomtupia mtu. Dawa ya kuurefusha uhai wa mtu haikuwepo Uvira. Kumwambia kungekuwa kumhukumu bila rufaa. Na siri ya kazi iliniruhusu nini kwa mke wake? Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja lililonifunga mdomo siku ile. Nilichofikiria kwanza, kabla ya kumfikiria yeye, ni koleo. Nilifikiria gego la mwezi wa kwanza, kitambaa, pombe, na wale waliokaa kitini baada yake: yule mama mwenye mapacha, yule askari, mzee wa soko la samaki. Mwalimu akiwa na ugonjwa ule na mji ukijua, wa kwanza kuulizwa nitakuwa mimi.

"Ni kanyanga," nikamwambia. "Imeunguza kinywa. Acha kunywa, utapona."

"Na jino?"

"Acha kwanza kunywa. Halafu urudi."

Sikuling'oa jino lake. Alipotoka nilitia koleo na kioo sufuriani, nikanunua makaa ya jirani kwa haraka, nikachemsha si dakika ishirini bali saa nzima. Tangu siku hiyo nilichemsha daima, na nilivaa glavu mbili. Hivyo ndivyo nilivyotumia nilichojua: nilijikinga mimi, nikawakinga wageni.

Basi akaacha kunywa. Hilo ndilo sikulitazamia. Nilikuwa nimeona wanaume wengi wakiapa, na kiapo chao hakikufika Jumapili. Mwalimu Kashindi aliacha siku ileile. Alitetemeka siku nne, akatapika, Riziki akimpa uji wa mtama kwa kijiko, kisha akanyoosha mgongo. Shati jeupe likarudi. Alianza kuwafundisha watoto wa mtaa chini ya kibaraza chetu, hesabu kwa vijiti, na asubuhi nilimsikia tena akiimba ile sauti ya tatu. Na mchana mmoja, Jumapili, nikiwa nimelala na mlango umefungwa, niliwasikia wote wawili kupitia juu ya ukuta.

"Vumilia alisema nini juu ya kinywa yako?" Riziki aliuliza.

"Alisema ni kanyanga tu. Itapona polepole."

"Hakuna kingine?"

"Kingine gani? Muganga ameona mwenyewe."

Nikasikia Riziki akicheka, kicheko kidogo ambacho sikuwa nimekisikia tangu Mwaka Mpya. "Basi nitaondoa mukeka yangu ku jikoni," akasema. "Miaka ine tunangojea mutoto. Sasa bwana yangu amerudi." Nikamsikia akiburuta mkeka sakafuni. Mkeka ukilala sakafuni una mlio wake, kama mtu anayefagia mara moja tu. Kati yangu na wao kulikuwa na matofali mabichi, na juu ya matofali hewa tupu. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusimama, nikagonga mlango wao, nikasema lolote. Niligeukia upande wa pili, nikautazama ukuta mwingine.

Mwezi wa saba Riziki aliniambia ana mimba. Mwezi wa nane mwalimu alianza kukonda. Utando ulishuka kooni, bugali ikamshinda, kisha sombe, kisha hata uji ukamfanya atoe machozi. Aliona kwamba ameacha pombe na kinywa kinazidi, akachanganyikiwa kama mwanafunzi aliyefanya hesabu sawasawa na kupewa sifuri. Mama Butoyi alipopita na bido yake, mwalimu alinunua kidogo, maana sasa maumivu yalikuwa ya kweli na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumpa ila ile dawa ya zambarau ya kupaka. Nilimpaka asubuhi kabla ya kazi na jioni kabla ya jua kuzama, kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti, glavu mbili mikononi. Meno yake yakawa ya zambarau, midomo ya zambarau. Watoto wa mtaa waliogopa, wakaacha kuja na vijiti vyao. Kwenye benchi la kituo chetu niliwasikia mama wawili. "Yule mwalimu wa Kilibula iko na sida," mmoja akasema. "Ni hawa wanaokunywaka," mwingine akajibu. "Inawaingia ku chupa." Nilikuwa nimesimama mlangoni na fishi, zile kadi za wagonjwa, mkononi. Nilijua kwamba ugonjwa ule haukai ndani ya chupa. Nilijua zaidi ya hapo: vita ya kwanza alipigwa risasi ya paja akikimbilia milimani, akaongezwa damu ya mtu asiyejulikana, na mdomo hauwi vile kwa miezi mitatu ya pombe. Ugonjwa ulikuwa ndani yake miaka, akiwa na kwaya, akiwa na shati jeupe, kabla hajaonja tone. Ningewaambia nini wale mama? Neno lao lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema wa kwanza, ni kanyanga.

Alikufa mwezi wa kumi na moja. Siku chache kabla, nilipokuwa nampaka, alinishika kifundo cha mkono. Mkono wake haukuwa na uzito.

"Dada," akasema, "nilifanya kama ulivyosema. Niliacha kabisa, mpaka maumivu yaliponishinda. Muulize Riziki. Mbona haikupona?"

Riziki alikuwa mlangoni, tumbo limeanza kuonekana vizuri, ameshika bakuli la maji. Wote wawili walinitazama. Nafikiri ile ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho niliyopewa, na nilipewa kwa upole, na watu walionilisha.

"Ulichelewa kuacha, mwalimu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaachia mkono wangu. Alikubali. Alikufa akijilaumu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na aliyempa kosa hilo alimshikia taa ya mafuta wakati wanamvalisha. Kanisa halikuimba. Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, msichana, wakamwita Zawadi. Mwezi uliofuata nilipata mtu wa kunivusha mpaka Kigoma, nikaondoka na sanduku moja, nikiwaambia watu kwamba nakimbia vita. Habari kwamba Zawadi amekufa, hajatimiza mwaka na nusu, mdomo wake mweupe kama wa baba yake, nilizipata kwa mtu wa Kilibula niliyekutana naye katika kambi ya wakimbizi. Nilirudi Uvira miaka mingi baadaye, nikapewa kazi kituo kingine, upande wa Kalundu, na kila nilipohitaji kupita Kilibula nilizunguka.

Siku moja baada ya mafunzo kwisha nilikwenda kwake asubuhi. Ukuta wa matofali mabichi umebomolewa, nyumba yote sasa ni yake. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua lengalenga katika beseni. Nikasema bila kuulizwa mara ya pili: "Nilijua."

"Tangu mwezi gani?"

"Mwezi wa nne. Alipokuja kwa jino la pili."

Mikono yake ikasimama. Niliona midomo yake ikihesabu. "Zawadi alizaliwa mwezi wa pili," akasema. "Basi siku ile nilikuwa nalala bado ku jikoni."

"Ndiyo."

Aliokota majani yaliyoanguka sakafuni, akayarudisha katika beseni. Kisha akaongea, na sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye mafunzo, ya mtu anayefundisha. "Ile kanyanga nilikusamehe zamani. Dawa ilikuwa haiko. Kashindi angekufa tu, hata ungesema. Minye pia, labda nilikuwa nayo tayari, hakuna anayeweza kujua. Hiyo yote naelewa, njo kazi yangu kuwaelewesha watu." Akachukua jani, akalitazama pande mbili, akaliweka. "Lakini nilipopata mimba, muntu wa kwanza niliyemuambia alikuwa weye. Mbele ya kumuambia mama yangu. Unakumbuka ulifanya nini?"

Nikasema sikumbuki.

"Ulipiga vigelegele, Vumilia. Mpaka majirani wakatoka nje."

Nimeandika kurasa hizi zote na hilo sikuliandika mahali pake, kwa sababu nilikuwa nimelisahau, au nilikuwa nimelificha vizuri kuliko mengine. Aliposema, nililisikia. Ilikuwa sauti yangu, ya msichana wa miaka ishirini na sita, kali na ndefu, katikati ya kiwanja, mchana kweupe.

Riziki aliangalia saa. Alisema kuna wagonjwa wanamngojea, akajifuta mikono, akanisindikiza mpaka barabarani kama desturi inavyotaka. Hakusema karibu tena.